Kipakatalishi cha Windows kwa kijana wa Lamu: kipya cha bei ya chini, au cha ofisini kilichotumika?

Mzazi wa Lamu anayemtafutia mwanawe wa Gredi ya 10 kipakatalishi hukuta aina tatu kwenye rafu moja ya duka la Malindi au Mombasa. Kipo kipya cha bei ya chini, chenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) ya GB 4 na hifadhi ya mafaili ya GB 64 au 128, ambacho bado kimefunikwa nailoni yake ya kiwandani. Kipo kilichotumika kwa miaka kadhaa katika ofisi ya Uingereza au Marekani, kikauzwa, kikasafishwa na kuletwa huku, kama vile Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490. Na kipo kipya cha bei ya kati, chenye prosesa ya Core i3 au Ryzen 3 na RAM ya GB 8. Viwili vya mwanzo mara nyingi hukaribiana bei, na hapo ndipo mzazi hukwama, kwa sababu moyo humvuta kwenye kipya na fundi wake humwambia achukue kilichotumika.

Nimewanunulia watoto wangu wawili, nikawasaidia jamaa na majirani wa mitaa ya Mkomani na Langoni kuchagua vyao, na ulinganisho huu nauandika kwa jicho la mtu anayeishi kisiwani. Kipakatalishi kikiharibika Nairobi, mwenyewe hukipeleka kwa fundi asubuhi na pengine akarudi nacho jioni. Kikiharibika Lamu kwa namna ambayo fundi wa hapa hawezi kuirekebisha, hakina budi kuvuka kwa boti hadi Mokowe, kupanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, na kukaa Mombasa hadi kipuri kipatikane, huku mtoto akibaki mikono mitupu katikati ya muhula. Kwa hiyo ninapoulizwa ni mashine gani ya kutegemewa, huanza kwa kuuliza kama fundi wa hapa hapa anaweza kuifungua kwa bisibisi na kubadilisha kilichokufa.

Tarehe inayochuja rafu

Kabla ya kulinganisha lolote, ipo tarehe moja inayoondoa sehemu kubwa ya vilivyotumika. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikawaruhusu watumiaji wa nyumbani kujiandikisha kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja wa nyongeza tu. Mashine ambayo mtoto anatarajiwa kuitumia hadi amalize shule yapasa, basi, iwe inakubali Windows 11 kwa masharti ya Microsoft yenyewe, nayo ni chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64 na, kwa upande wa Intel Core, prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye.

Kizazi husomwa kwenye jina la prosesa. Katika i5-8250U au i5-8350U tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, yaani kizazi cha nane. Katika i5-7300U ni cha saba, na katika i5-6300U ni cha sita. ThinkPad T470 na T480 ukiziweka ubavu kwa ubavu zinafanana kama mapacha, lakini T470 ni ya kizazi cha sita au cha saba na haimo katika orodha ya Microsoft. EliteBook 840 G3 na G4 vilevile hazimo, na hata 840 G5 iliwahi kutolewa na prosesa za kizazi cha saba, kwa hiyo jina la muundo peke yake halitoshi kumtuliza mnunuzi. Kuiona Windows 11 ikiwaka kwenye skrini pia hakutoshi, maana wako wanaoipachika kwenye mashine ya kizazi cha sita kwa kuuruka ukaguzi. Itafanya kazi leo, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuipa masasisho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32 na usome mstari wa prosesa. Kisha rudia kwa tpm.msc na uhakikishe kwamba toleo lililoandikwa ni 2.0. Kazi hii haichukui hata dakika mbili, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kipya cha bei ya chini

Mwaka 2021 nilimnunulia kijana wangu mkubwa kipakatalishi kipya chenye Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, yaani chipu ya bei nafuu badala ya diski. Mwaka wa kwanza kilitosha kwa kuandika insha na kutazama masomo ya video. Mwaka wa pili Windows pamoja na masasisho yake ilikuwa imekwishakula sehemu kubwa ya zile GB 64, na kila sasisho kubwa lilipofika, mashine iliomba nafasi ambayo haikuwepo. Tulifuta picha, tukahamishia mafaili kwenye kadi ya kumbukumbu, tukaondoa programu moja baada ya nyingine, na bado haikutosha.

Nilikipeleka kwa fundi wa Langoni nikamwomba aongeze RAM na abadilishe hifadhi. Alifungua mfuniko wa chini, akanigeuzia bodi niione mwenyewe. RAM ilikuwa chipu ndogo nyeusi zilizochomelewa, hifadhi ilikuwa chipu nyingine iliyochomelewa kando yake, na hapakuwa na tundu la kuongezea chochote. “Ami, hapa sina pa kushika,” aliniambia. Miezi michache baadaye bawaba ya kushoto iling'oa skrubu zake kutoka kwenye plastiki, na tangu siku hiyo skrini ikawa haisimami isipoegemezwa kwenye mto. Fedha niliyotoa ingenunua cha ofisini ambacho kingekuwa kinatumika hadi leo.

Tofauti ya nguvu nayo si ndogo. Celeron N4020 ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) viwili tu, ilhali i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne vinavyoshughulikia nyuzi nane za kazi kwa wakati mmoja. Mtoto akifungua kivinjari chenye kurasa sita, faili la maandishi na somo la video, ya kwanza huanza kukokota na ya pili huendelea bila kulalamika. Mtoto aliyechagua mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) na kuanza kujifunza lugha ya programu ya Python ataihisi tofauti hiyo kila siku.

Hata hivyo, vipakatalishi vya kundi hili haviko sawa vyote. Vipo vyenye diski halisi ya SSD inayotoka kwa skrubu moja, na vipo vyenye tundu la RAM. Prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ina viini vinne na imezipita Celeron hizo kwa mbali. Ukilazimika kununua kipya cha bei ya chini, kikatae chenye eMMC ya GB 64 hata kama ni kizuri kiasi gani kwa sura, na umwombe muuzaji akuonyeshe kwa maandishi kwamba RAM inaongezeka. Ukikuta kimefungiwa katika hali ya S, ambayo huruhusu programu za duka la Microsoft pekee, jua kwamba kuitoa ni bure, ingawa ukishaitoa huwezi kuirudisha.

Lipo jambo moja ambalo kundi hili linashinda waziwazi, nalo ni ulaji wa umeme. Prosesa hizi zimebuniwa kwa wati 6, ilhali zile za ofisini ni za wati 15, na mashine nyingi za kundi hili la bei ya chini hazina feni kabisa. Kwa familia ya Siyu, Faza au Kizingitini inayotegemea sola na betri moja usiku, tofauti hiyo ndiyo huamua kama mtoto atasoma hadi saa tatu au hadi saa tano. Kutokuwa na feni nako ni faida pwani, kwa kuwa hakuna kitu kinachovuta upepo wa chumvi na vumbi la chokaa hadi ndani ya mashine.

Vya ofisini vilivyotumika

Hapa ndipo ningemshauri mzazi mwenye bajeti ya shilingi 30,000 hadi 40,000 akae muda mrefu zaidi, kwa sababu mashine hizi ziliundwa kwa ajili ya kampuni zenye mafundi wao wenyewe, na kitu kilichoundwa ili fundi akifungue ndicho kinachotufaa sisi. Zote tatu nilizozitaja zina skrini ya inchi 14, zina uzito wa karibu kilo moja na nusu, zina matundu mawili ya RAM, zina SSD inayobadilishika, na zilipitishwa katika majaribio ya uimara ya kijeshi ya Marekani yanayoitwa MIL-STD-810G. Majaribio hayo yanapima mambo kama mitetemo, joto na vumbi. Hayampi mtu ruhusa ya kuiacha mashine barazani wakati kusi linavuma.

T480 ndiyo ninayoipendelea kwa Lamu, na sababu kubwa ni betri. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa vidole, bila bisibisi, huku mashine ikiendelea kuwaka kwa nguvu ya ile ya ndani. Betri ya ndani ni ya saa-wati 24, na ya nje hupatikana kwa ukubwa wa 24, 48 au 72. Umeme ukikatika jioni ya kuamkia mtihani, mtoto mwenye betri ya nje ya akiba huibadilisha na kuendelea kusoma. Kibodi yake imetengenezwa kuhimili kumwagikiwa na maji kidogo, na hili si dogo kwa nyumba ambayo chai huletwa hadi mezani. Upande wa hasara, nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zina skrini hafifu ya pikseli 1366 kwa 768, kwa hiyo tafuta ya 1920 kwa 1080. Pia miundo ya wakati ule ilikuwa na hitilafu katika programu ya ndani ya tundu la USB-C lenye Thunderbolt, ambayo Lenovo iliitolea sasisho la kuirekebisha. Ijaribu kila tundu kwa chaja kabla ya kulipa.

EliteBook 840 G5 inavutia zaidi kwa macho, ina mwili wa alumini, na kijana atajivunia kuibeba. Betri yake iko ndani, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi ya fundi, ingawa ni kazi ya kufungua mfuniko wa chini tu. Jihadhari na zile zenye skrini ya faragha, ambayo HP huiita Sure View. Ikiwashwa, mtu aliyeketi pembeni huona giza, na skrini hizo si rafiki kwa watoto wawili wanaofanya kazi ya shule pamoja. Latitude 7490 ni nyepesi na imara, na ina tundu la chaja la duara la Dell pamoja na USB-C, kama ilivyo 840 G5 kwa tundu lake la HP. Kati ya hizi mbili sioni sababu kubwa ya kuipita moja kwa ajili ya nyingine. Nunua iliyo na betri nzima na skrini safi.

Kwamba zote tatu huchajiwa kwa USB-C ni neema ambayo watu hawaipi uzito wake. Chaja ikiungua, chaja ya USB-C ya wati 65 ya kampuni yoyote inayoaminika hufaa, na jirani huenda anayo. Chaja za tundu la pekee hukutuma Mombasa.

Zilizotoka Uingereza huja na plagi ya miguu mitatu bapa kama yetu, na kibodi yenye kitufe kirefu cha Enter na alama ya pauni juu ya 3. Zilizotoka Marekani huja na plagi isiyoingia kwenye soketi za Kenya. Chaja yenyewe husomeka volti 100 hadi 240, kwa hiyo kinachohitajika ni kubadilisha waya wa ukutani, basi. Usikubali kuuziwa adapta ya kulegalega inayocheza kwenye soketi na kutoa cheche.

Kufuli la kampuni ya zamani ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko mkwaruzo wowote. Kwanza, izime mashine na uiwashe huku ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP au F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri kabla ya kukuruhusu kuingia kwenye mipangilio ya ndani, irudishe. Pili, mwombe muuzaji airudishe Windows mwanzo kabisa na aiunganishe na intaneti mbele yako. Ikiwa mashine bado imesajiliwa kwa kampuni iliyokuwa nayo, itakuonyesha jina la kampuni hiyo na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Nilimwona jirani akilipia mashine safi kabisa ambayo iligeuka kufuli siku alipoisafisha nyumbani, na muuzaji alikuwa ameshaacha kupokea simu.

Namna ya kuipima betri dukani

Muuzaji atakwambia kwamba betri inakaa saa nne. Windows yenyewe itakwambia ukweli. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Mashine itaandika ripoti na kukuonyesha faili lilipo. Lifungue kwa kivinjari, uteremke hadi sehemu ya betri zilizowekwa, na utafute namba mbili: uwezo iliozaliwa nao na uwezo wa sasa ikijaa. Tuseme ya kwanza ni mWh 24,000 (yaani saa-wati 24) na ya pili ni 15,600. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata asilimia 65. Mimi huikubali betri ya asilimia 70 na zaidi bila maneno. Kati ya 50 na 70 huomba bei ipunguzwe. Chini ya 50 huihesabu kuwa imekufa na kuongeza bei ya betri mpya kwenye hesabu yangu. Kwa T480 ripoti huonyesha betri mbili, na zote mbili zisomwe. Mara nyingi ile ya nje imechoka sana na ya ndani ni nzima, nayo ni afadhali, kwa sababu ya nje ndiyo rahisi kubadilisha.

Kipya cha bei ya kati

Mwenye uwezo wa kufika shilingi 55,000 au zaidi anapata mashine mpya yenye RAM ya GB 8, SSD ya GB 256 na dhamana, na kwa prosesa kama Core i3-1215U yenye viini sita anapata kasi inayoipita i5 ya kizazi cha nane. Ni chaguo zuri, nami nisingemzuia mtu. Ninaloomba ni kwamba auulize uwezekano wa kuongeza RAM, maana Ryzen 3 7320U, kwa mfano, hutumia RAM ya aina ya LPDDR5 ambayo kwenye mashine za bei hii huchomelewa kwenye bodi, kwa hiyo GB 8 ulizonunua leo ndizo utakazobaki nazo hadi mashine ife. Na kuhusu dhamana, asome inatimizwa wapi. Dhamana ya mwaka mmoja inayodai mashine ipelekwe Nairobi ina thamani ndogo kwa mkaaji wa Shela kuliko kwa mkaaji wa Nairobi.

Kwa nyumba ipi, mashine ipi

Mtoto anayekaa mjini Lamu, mwenye umeme wa kawaida unaokatika mara kwa mara, na ambaye atatumia mashine kwa masomo yote, mnunulie T480 yenye i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256 na skrini ya 1920 kwa 1080. Fedha ikibaki, inunue betri ya nje ya pili kabla ya kufikiria begi. Mtoto wa bweni asiyeruhusiwa kubeba mashine shuleni na anayeitumia likizo tu hahitaji zaidi ya hapo. Kwa nyumba ya sola peke yake, chukua kipya chenye N100, RAM ya GB 8 na SSD, hata kama itabidi kusubiri mwezi mmoja zaidi uongeze fedha, na uiache ile ya eMMC. Kwa kijana anayetaka kuhariri video au kuchora michoro mizito, ongeza hadi kundi la bei ya kati na uhakikishe RAM ya mashine inaweza kufika GB 16.

Usinunue leseni ya programu za ofisi siku ya kwanza. LibreOffice ni bure, hufanya kazi bila intaneti, na inatosha kwa kazi za shule. Mashine za ofisini kwa kawaida huja na Windows yenye leseni ya kidijitali iliyofungamana na bodi, jambo unaloweza kulithibitisha katika mipangilio chini ya sehemu ya uwezeshaji. Ukiikuta imewezeshwa kwa programu ya wizi, usiichukue, kwa sababu programu hizo ndizo zinazoingiza virusi.

Siku ya kuileta, iviringishe katika nailoni kavu ndani ya begi, pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya visanduku vya viatu, na uiweke mapajani mwako wakati wa kuvuka kutoka Mokowe, kwa kuwa matone ya bahari hupenya zipu. Ikishafika, mtoto aizoee meza badala ya godoro, maana godoro huziba matundu ya hewa chini yake na feni hubaki ikivuta joto lake lenyewe. Usiku ifungwe na kuwekwa ndani ya kabati au begi, mbali na dirisha linaloelekea bahari. Na kila baada ya mwaka fundi aifungue, asafishe feni, na atazame kama matundu ya USB yameanza kuota ile kutu ya kijani.